Jinsi ya kukadiria pointi za mechi ya besiboli kabla haijaanza: soma hewa, soma ukuta

Mimi nipo mapokezi, zamu ya usiku, hoteli moja hapa Arusha, wageni wetu wengi Wamarekani wanaoenda Serengeti au wanaoshuka Mlima, na hao watu saa nane usiku hawalali, wanashuka chini kuomba waifai waangalie besiboli yao. Ndo nilivyoingia. Mwanzo nilikuwa naona watu wamesimama tu uwanjani wanatema mate, sahivi nipo kauntabuku ya tatu naandika mechi, na tunawekeana soda na machalii wa jikoni na madereva: jumla ya pointi za timu zote mbili itazidi tisa au haifiki. Sijasema nashinda kila siku, ila kreti nyingi zinaishia upande wangu, na njia ninayotumia ni hii.

Kabla ya hesabu kuna kitu kimoja lazima ukijue. Kwenye besiboli kutoka besi hadi besi, vile vituo vinne mpigaji anavyozunguka, akirudi alikoanzia ni pointi, ni mita 27.4 kila mahali, na pitcha, yule anayerusha, anasimama mita 18.4 toka kwa mpigaji, kila mahali. Lakini ukuta wa nyuma uko wapi na una urefu gani, hapo kila uwanja umejiamulia wenyewe. Na mpira ukipaa ukavuka ukuta ndani ya mistari ni homurani, anaingia mpigaji na kila aliyekuwa kwenye besi. Yani mpira uleule, mkono uleule, uwanja huu ni pointi tatu, uwanja ule mtu kaudaka mpigaji karudi kukaa.

Hatua ya 1. Andika 9. Ligi kuu ya Marekani misimu hii ya karibuni timu moja inapata kama pointi nne na nusu kwa mechi, kwahiyo mbili ni tisa. Hapo ndo unapoanzia, usianzie na ushabiki.

Hatua ya 2. Angalia uwanja upo juu kiasi gani. Hii sisi watu wa huku tunaielewa bila kusoma. Kunywa maji ukiwa Arusha, chupa ikiisha funga kifuniko kikaze kabisa, panda basi la Moshi. Ukifika kule ile chupa imebonyea ubavuni kama kuna mtu kaikanyaga. Arusha tupo kama mita 1,400, Moshi ni mia nane na kitu, hewa ya kule chini ni nzito zaidi ndo imeibana. Sasa mpira ukiruka unapigana na hiyo hewa, ikiwa nyepesi unaenda mbali. Denver wapo mita 1,600 hivi, uwanja wao Coors Field ulifunguliwa 1995, na hewa yao ni nyepesi karibu asilimia 18 kuliko ya pwani, kwahiyo mpira ambao pwani ungeenda mita 120 pale unaongeza mita 6 au zaidi. Mwaka 1999 zilipigwa homurani 303 kwenye uwanja ule mmoja.

Ila watu wengi wanaishia hapo kwenye homurani, wakati Denver kuna mambo mengine mawili. La kwanza, ile mipira ya kukunja, pitcha anayoirusha ipinde njiani, inahitaji hewa ya kuishika ndo ikunje, hewa ikiwa nyepesi haikunji vizuri, pitcha anaonekana kama kasahau kazi. La pili, waliojenga walijua mpira utaruka, wakasogeza ukuta mbali, katikati ni mita 126, sasa uwanja umekuwa mkubwa na wanaolinda nyuma ni walewale watatu, mipira inaanguka katikati yao kama embe. Tangu 2002 mipira yao inahifadhiwa kwenye chumba chenye unyevu uliopimwa ili isikauke ikawa migumu, ikapunguza kidogo, lakini bado pale ni pale. Na kama unataka kuona mwinuko wenyewe kabisa, Aprili 2023 timu za Padres na Giants walienda kucheza Mexico City, mita 2,240, ikaisha 16 kwa 11, homurani 11 kwenye mechi moja.

Hatua ya 3. Soma ukuta, na usome vyote viwili, umbali na urefu. Fenway Park ya Boston, uwanja wa 1912, kushoto kwa mpigaji ni kama mita 94 tu, karibu mno, lakini wamesimamisha ukuta wa kijani wa mita 11, ghorofa tatu kabisa. Mpira wa chini wenye kasi ambao kwingine ungekuwa homurani unagonga pale unarudi, na mpira wa juu wa kivivu ambao kwingine ungedakwa nao unagonga, mpigaji anafika besi ya pili. San Francisco kulia ni mita 94 pia, ukiangalia namba unasema hapa watapiga sana, kumbe ukuta una mita 7 na hewa ya bahari ya baridi inausukuma mpira chini. Yankee Stadium kulia ni mita 96 na ukuta mfupi, hapo mpigaji wa mkono wa kushoto ni sikukuu, maana mipira yake ya nguvu mingi inaenda kulia.

Angalia pia eneo la nje ya mistari kabla hujafika kwa watazamaji. Likiwa kubwa, mipira ya ovyo inadakwa, mpigaji anatoka bure.

Hizi hatua mbili huhitaji kuzikokotoa mwenyewe, kuna namba inaitwa pak fakta, 100 ni uwanja wa kawaida, 112 maana yake pointi zinaongezeka asilimia 12, ukitafuta mtandaoni utaipata ya kila uwanja. Zidisha: 9 mara 1.12 inakuja 10 na kidogo. Chukua ya miaka ya karibuni tu maana hawa watu wanabomoa, Baltimore walirudisha ukuta wa kushoto nyuma karibu mita 8 mwaka 2022, baada ya msimu wa 2024 wakausogeza tena mbele. Na tafadhali, ukishatumia hiyo namba ya Denver usiongeze tena pointi za mwinuko, mwinuko umo humo ndani. Chalii mmoja wa jikoni anaongeza mara mbili kila siku, na mimi simwambii.

Hatua ya 4. Uliza paa. Houston, Milwaukee, Toronto, Phoenix na wengine wana paa la kufungua na kufunga. Likifungwa, hatua ya 5 na ya 6 ruka. Seattle paa lao ni kama mwavuli, pembeni pako wazi, baridi inaingia kama kawaida.

Hatua ya 5, na hapa tulia, maana hii ndo inayobadilika kila siku na ndo inayokula soda za watu: upepo.

Fungua ramani ya setilaiti, tafuta uwanja, chora mshale kwenye karatasi kutoka kwa mpigaji kwenda ukuta wa katikati, andika unaelekea wapi. Wrigley Field ya Chicago unaelekea kaskazini mashariki. Sasa fungua hali ya hewa ya saa ya mechi. Mwaka wangu wa kwanza niliona imeandikwa upepo wa kaskazini mashariki, kilomita 25 kwa saa, nikaangalia mshale wangu kaskazini mashariki, nikasema leo mipira yote inaenda barabarani, nikaweka kreti nzima kwamba zitazidi tisa. Mechi ilianza saa tatu na dakika 20 usiku, saa yetu, pale mapokezi tukaikodolea macho. Mpira unapigwa, unapaa, unafika karibu na ukuta unasimama kama umeitwa jina, unadondokea kwenye glavu. Ukaja mwingine, hivyohivyo. Ikaisha 2 kwa 1.

Mzee wetu wa getini, mtu wa Pangani, alikuwa ameinamia dirisha anacheka, akaniuliza, "Mjukuu wangu, kaskazi inavuma kutoka wapi?" Nikamwambia kaskazini. "Na kusi?" Kusini. "Basi huo wa wazungu unaitwa hivyohivyo, jina lake ni kwao ulikotoka." Yani ule upepo ulikuwa unatoka ziwani, unamjia mpigaji usoni. Wrigley unataka upepo wa kusini magharibi, huo ndo unabeba kwenda nje. Mei 17, 1979 ulikuwa unabeba hivyo, timu ya Phillies wakawafunga wenyeji Cubs 23 kwa 22.

Kanuni yangu mimi: chini ya kilomita 16 kwa saa sigusi. Kuanzia 16 ukitoka nyuma ya mpigaji naongeza pointi moja, ukimjia usoni natoa moja, 25 na zaidi naenda mbili. Wa pembeni nauacha.

Hatua ya 6. Joto. Hewa ya moto ni nyepesi, kila nyuzi 5 au 6 za selsiasi mpira unaongeza kama mita moja, ndogo lakini mechi ya Aprili ya nyuzi 6 na ya Julai ya nyuzi 33 ni vitu viwili tofauti, toa nusu, ongeza nusu. Unyevu watu wanaukosea, tunasema hewa nzito ya Dar, kumbe mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, ni mpira wenyewe ukilowa unyevu ndo unapoteza mdundo. Tangu 2022 viwanja vyote 30 vinahifadhi mipira kwa unyevu uliopimwa, kwahiyo mimi unyevu siuhesabu kabisa.

Hatua ya 7. Sasa ndo angalia pitcha wa leo ni nani, punguza au ongeza, halafu andika namba yako kwa peni, saa na sahihi ya mtu wa pili pembeni. Mimi anasaini mzee wa getini. Mechi za New York zinaanza saa nane usiku, kwahiyo namba inafungwa saa saba na nusu, paa na upepo vikishajulikana, na soda inalipwa asubuhi kabla zamu haijatoka.