Umemtumia tapeli pesa kwa programu ya malipo? Anza hapa

Pesa ikishaingia kwa tapeli haikai. Huhamishiwa akaunti ya pili na ya tatu, kisha hutolewa taslimu au hununuliwa sarafu za kidijitali. Mbio zako zote ni za kuiwahi ingali kwenye akaunti ya kwanza, maana hapo mtoa huduma, yaani kampuni ya programu au benki, anaweza kuizuia mwenyewe. Kwa hiyo usianze kwa kumbembeleza tapeli, wala usimwambie umemgundua; utamharakisha kuitoa.

Kama ulimpa namba ya siri au msimbo uliotumiwa kwa ujumbe, au alikufanya upakue programu ya kuitazama simu yako kwa mbali, kata intaneti kwenye simu hiyo kwanza. Tumia kifaa kingine kubadili namba ya siri na kuondoa vifaa vyote vilivyounganishwa na akaunti. Ukiruka hatua hii, utakuwa unafuatilia muamala mmoja huku mwingine unatoka.

Kisha utazame muamala wenyewe. Ukiwa bado unasubiri, kwa mfano kwa sababu mpokeaji hajasajiliwa, kwa kawaida unaweza kuughairi mwenyewe. Ukiwa umekamilika, usihangaike na kitufe cha kughairi. Piga simu.

Namba ya simu ichukue ndani ya programu au nyuma ya kadi yako ya benki. Usiitafute mtandaoni: matapeli huweka namba bandia za huduma kwa wateja wakijua mtu aliyeibiwa atazitafuta kwa papara. Ukipokelewa, usianze na hadithi ndefu. Sema: "Nimetapeliwa, naomba mzuie fedha kwenye akaunti ya mpokeaji." Taja namba ya muamala, kiasi, saa na akaunti iliyopokea. Usikate simu kabla hujapewa namba ya malalamiko. Ikiwa mpokeaji yuko kwenye benki au mtandao mwingine, omba mtoa huduma wako awasiliane nao, na wewe mwenyewe uwaripoti siku hiyohiyo.

Utaulizwa kama ni wewe uliyetuma. Jibu ukweli, kwani jibu hilo ndilo linaloamua njia ya madai yako. Muamala uliofanywa na mwizi aliyeingia kwenye akaunti yako hulindwa zaidi na sheria kuliko ule ulioubonyeza mwenyewe kwa kudanganywa. Uingereza imeziba sehemu ya pengo hilo: tangu tarehe 7 Oktoba 2024, watoa huduma wa malipo ya papo kwa papo ndani ya nchi wanatakiwa kumrudishia mteja aliyetapeliwa hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya upande uliotuma na uliopokea. Kwingi bado hakuna wajibu kama huo. Hata hivyo, usidai kwamba hukutuma wakati ulituma. Kumbukumbu za kifaa chako zitaonyesha vinginevyo, na dai lote litaanguka.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kuangalia pesa ilitoka wapi. Kama programu ilikata moja kwa moja kwenye kadi, fungua pia pingamizi, yaani ombi la kurudishiwa malipo ya kadi, kwa benki iliyotoa kadi. Kwa Visa na Mastercard muda wa kawaida ni siku 120. Lakini kama kadi ilitumika kujaza salio kwanza, kisha salio ndilo likatumwa, pingamizi hilo huwa gumu: benki huhesabu kwamba huduma uliyoilipia, yaani kujaza salio, uliipata. Kwa PayPal, malipo ya bidhaa na huduma yana siku 180 za kufungua mgogoro. Yaliyotumwa kama ya ndugu na marafiki hayana ulinzi wa mnunuzi. Ndiyo maana tapeli hukusisitizia uchague njia hiyo.

Ushahidi uhifadhi kabla hujamfungia tapeli mawasiliano. Piga picha za skrini za mazungumzo yote yenye tarehe, tangazo, risiti, na jina lake la mtumiaji au kiungo cha ukurasa wake. Jina la kuonyesha pekee halitoshi, kwa kuwa hubadilishwa kwa sekunde chache. Nenda navyo polisi uchukue taarifa yenye namba. Usikate tamaa wakikuambia kiasi ni kidogo: mtoa huduma wa upande wa pili hawezi kukupa utambulisho wa mteja wake, ila anaweza kuutoa kwa vyombo vya sheria.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Andika rufaa ya ukurasa mmoja: saa uliyotuma, saa uliyoripoti, namba ya malalamiko, na kilichofanyika kati ya hapo. Kama uliripoti mapema na akaunti ya mpokeaji haikuzuiwa, hiyo ndiyo hoja yako kuu. Rufaa ikigonga mwamba, peleka jalada hilohilo kwa msuluhishi wa huduma za fedha au benki kuu ya nchi yako.

Wakati unasubiri, huenda akatokea mtu anayejiita mtaalamu wa kurejesha pesa au ofisa wa benki. Mara nyingi ni kundi lilelile, au limeuziwa namba yako. Atataka ada ya mbele, "kodi" ya kuachilia fedha, au msimbo ulioingia kwenye simu yako. Usimpe kitu, na umwongeze kwenye taarifa yako ya polisi: namba anayoitumia inaweza kuwa ushahidi mpya.