Kupanda kanisa katika utamaduni usio wako

Paulo na Barnaba walipomponya kiwete huko Listra, umati ulipaza sauti kwa Kilikaonia ukisema kwamba miungu imewashukia katika sura za wanadamu. Barnaba akaitwa Zeu, Paulo akaitwa Herme, na kuhani akaleta ng'ombe na mashada ya maua ili awatolee dhabihu. Habari hii ya Matendo 14 inafaa kusomwa polepole na kila anayejiandaa kupanda kanisa, yaani kuanzisha kusanyiko jipya la waumini, kwa watu wa mila nyingine, kwa sababu mitume hawakuwa wamekosea chochote katika ujumbe wao. Watu waliuona muujiza kwa macho ya dini waliyokuwa nayo tayari, wakaueleza kwa lugha yao wenyewe, na inaonekana wageni hawakutambua kinachoendelea mpaka ng'ombe walipofika.

Kwa hiyo anza na lugha, na ukubali kwamba mwaka wa kwanza, pengine hata wa pili, utakuwa wa kujifunza zaidi kuliko kuhubiri. Usiridhike na lugha ya biashara ambayo kila mtu anaifahamu kidogo, kwa maana watu wanaweza kuuza na kununua kwa lugha moja huku wakiomboleza, wakiapa na kupatanishwa kwa nyingine, na hiyo ya pili ndiyo Injili inayoihitaji. Kaa na familia badala ya kukaa na wamisionari wenzako, na uhudhurie misiba. Jambo hili huwasumbua sana wanaotuma fedha, ambao wangependa kupokea idadi ya waliobatizwa kila robo mwaka; ni vema mkubaliane nao kabla ya safari. Wakumbushe kwamba mmisionari William Carey alifika India mwaka 1793 na mwongofu wake wa kwanza Mhindi, Krishna Pal, alibatizwa mwishoni mwa mwaka 1800, na kwamba mmisionari Adoniram Judson alifika Burma (leo Myanmar) mwaka 1813 akasubiri hadi 1819 kumbatiza Mburma wa kwanza.

Sheria za nchi kuhusu usajili wa mashirika ya dini na vibali vya ukaazi zifahamike mapema, maana kosa la mgeni huadhibu wenyeji watakaobaki.

Unapoanza kufundisha, usitafute mtu mmoja mmoja wa kumtoa kwao. Katika Luka 10 wanafunzi waliagizwa kuingia katika nyumba, kumtafuta mwana wa amani, yaani mtu anayewapokea kwa amani, na kukaa humo humo bila kuhamahama, na huko Filipi Lidia alibatizwa pamoja na nyumba yake. Mtu anayeamini peke yake, kisha akakatwa na ukoo wake, mara nyingi huwa mtegemezi wa mmisionari, na imani huonekana kwa majirani kuwa njia ya kuwaacha wazazi. Hata hivyo yule anayekukaribisha kwa haraka kuliko wote huenda anatafuta heshima ya kuwa na mgeni, au ana ugomvi na wazee wake. Chunguza anavyotazamwa na wenzake kabla hujakusanya watu barazani kwake.

Fundisha kwa kusimulia, ukianzia uumbaji, kwa kuwa neno kama dhambi au wokovu halina uzito kwa asiyejua habari inayolibeba. Kila baada ya simulizi mwombe msikilizaji airudie kwa maneno yake kwa mtu ambaye hakuwapo, nawe usikilize bila kumsahihisha papo hapo. Hapo ndipo utakapogundua kwamba neno ulilolichagua kwa ajili ya Roho Mtakatifu linamaanisha mzimu, au kwamba sadaka ya Kristo imeeleweka kuwa ada ya kumtuliza mkubwa mwenye hasira. Jina la Mungu lenyewe si jambo dogo: wamisionari wa Kiprotestanti nchini China walibishana kwa miaka mingi katika karne ya 19 kama wamwite Mungu kwa neno la Kichina Shangdi (Mtawala Mkuu) au Shen (mungu au roho).

Sehemu ngumu kuliko zote ni mila, na hapa wengi wetu hukosea kwa kupiga marufuku kila kitu, au kwa kuruhusu kila kitu kimyakimya. Mwanaanthropolojia Paul Hiebert, aliyekuwa mmisionari nchini India, alionyesha mwaka 1982 kwamba wamisionari wa Magharibi walijibu maswali ya Mungu na ya mbinguni, na yale ya sayansi, lakini wakaruka maswali ya katikati: kwa nini mtoto huyu ameugua na si yule, nani amelaani shamba, safari ifanyike siku gani. Kanisa lisilo na jibu hapo litajaa Jumapili, na waganga watajaa siku zilizosalia. Utaratibu aliouelekeza Hiebert ni mzuri: kwanza waumini wakusanye maelezo kamili ya mila husika, bila kuhukumu, kisha mchungaji awaongoze kuyasoma Maandiko yanayohusu jambo hilo, halafu wao wenyewe waamue ni kipi kibaki, kipi kikataliwe na kipi kipewe maana mpya. Mgeni ana sauti katika hatua ya pili, lakini katika ya tatu anyamaze, hata kama uamuzi umekuwa mkali kuliko alivyotarajia.

Kuhusu fedha, nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu huuona mgumu: waongofu wa kwanza wasilipwe mshahara kutoka nje. John Nevius, mmisionari aliyefanya kazi China, aliwashauri wamisionari vijana huko Korea mwaka 1890 kwamba mwamini abaki katika kazi aliyokuwa nayo, na kwamba kusanyiko lijijengee nyumba ya ibada kwa uwezo wake na kwa mtindo wake. Paa ambalo waumini hawawezi kulitengeneza litakapovuja ni deni mnalowaachia. Njaa au mafuriko yakitokea saidia, lakini msaada upitie mikononi mwa jamii nzima, wala usifungwe na mahudhurio ya ibada.

Viongozi wasisubiri vyeti. Paulo alipigwa mawe Listra, lakini katika safari ile ile alirudi huko na kuwachagulia wazee katika kila kanisa, na baadaye Timotheo, aliyeshuhudiwa vema na ndugu wa hapo, akawa mwenzake wa safari. Mpe mwenyeji ubatizo na Meza ya Bwana aviongoze ungali karibu, kisha ondoka kwa miezi mitatu. Ukirudi, keti nyuma pamoja na wengine, na mtu akikuletea shauri, mwelekeze kwa wazee hata kama jibu unalijua.