Namna ya Kupumzika Wiki Nzima katika Nyumba ya Zamani ya Shambani, Lushoto

Katika milima ya Usambara, mkoani Tanga, zimebaki nyumba za shambani za tangu enzi za wakoloni, wakati Wajerumani walipouita mji wa Lushoto Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, na baadhi yake sasa hupokea wageni. Ni nyumba za kuta nene, zenye meko ya kuni sebuleni, na ubaridi wake si wa mzaha: anayetoka Dar es Salaam na shuka moja jepesi atajuta usiku wa kwanza.

Kwanza chagua majira. Masika, kati ya Machi na Mei, hayafai, kwa kuwa njia za udongo zinazoelekea mashambani huteleza. Juni na Julai ni miezi ya baridi kali na ukungu. Mimi hupenda Septemba. Kabla ya kulipa, mwulize mwenye nyumba maji ya moto yanapatikana vipi, nani atapika, na kama kuni zilizopo ni kavu, wala usiridhike akikujibu tu kwamba kila kitu kipo.

Panga kufika Mombo kabla ya saa nane mchana, kwa sababu kutoka hapo utapanda takribani kilomita 33 za kona kupitia Soni, na bado kuna mwendo wa kwenda shambani kwenyewe, ambao haupendezi gizani. Pita sokoni Lushoto ununue viazi, karoti na mboga za majani. Mkate na jibini vinatengenezwa katika shamba la Irente, ambalo ni la Kanisa la Kilutheri.

Jambo linalowashinda wageni wengi ni moto. Kabla ya kuwasha, inama uchungulie dohani, kwani ndege hujenga viota humo nyumba ikikaa bila watu. Kisha washa karatasi moja uone kama moshi unapanda au unarudi chumbani. Gonganisha vipande viwili vya kuni: vikilia kwa sauti kali ni vikavu, vikitoa mlio mzito vina maji. Mara yangu ya kwanza niliyapuuza hayo yote, nikamaliza usiku nimesimama barazani nikikohoa, blanketi mabegani. Jiko la mkaa usiliingize kamwe chumba cha kulala, hata baridi iwe kali namna gani, maana hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Siku mbili za mwanzo usipange chochote. Lala, soma, kaa barazani. Siku ya tatu mwili utakuwa umezoea, na hapo ndipo inafaa kutafuta mwongozaji wa hapo hapo akupeleke msitu wa Magamba, ambako mbega huonekana juu ya miti, au kwenye jabali la Irente, ambapo nchi inakatika ghafla na tambarare inaonekana chini kabisa. Matembezi moja kwa siku yanatosha.

Asubuhi ya kuondoka, usimwage majivu nje kwa haraka. Yaache mekoni na umwambie mtunza nyumba, kwa kuwa kaa la moto hudumu chini ya majivu kwa saa nyingi, na majani ya shambani yakikauka hushika moto upesi.