Somo: Kutoka ramani ya jengo hadi nembo, kwa wasanifu majengo wanaoingia kwenye grafiki na chapa za utamaduni

Wapendwa, wengi mmeniuliza kama miaka ya kusomea usanifu majengo inapotea mtu anapohamia kwenye grafiki. Haipotei. Ila faida yake haiko pale wengi wanapoitafuta. Watu hudhani ni mkono mzuri wa kuchora, au mapenzi ya mistari iliyonyooka. Kwangu mimi faida kubwa ni tabia moja: msanifu majengo amezoea kuchora kitu kitakachojengwa na watu wengine, yeye akiwa hayupo. Chapa, yaani utambulisho wa kuonekana, ya makumbusho, tamasha, maktaba au kituo cha utamaduni inahitaji tabia hiyohiyo. Nembo yako itashikwa na katibu, mchapaji, fundi wa mabango na mtu wa mitandao ya kijamii, na wengi wao hutaonana nao kamwe.

Njia hii wengine walishaipita zamani. Mwaka 1907 kampuni ya umeme ya AEG ya Ujerumani ilimchukua Peter Behrens kuwa mshauri wake wa sanaa. Akachora nembo, matangazo, mabirika na taa, kisha kiwanda cha turbini mjini Berlin kilichokamilika 1909. Mkono mmoja, kuanzia herufi hadi ukuta. Massimo Vignelli naye alisomea usanifu majengo Milan na Venice kabla ya kushiriki kupanga alama za treni za chini ya ardhi za New York. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Soma kiwanja

Hakuna msanifu anayechora nyumba kabla ya kufika kiwanjani, kuangalia jua linatoka wapi, maji yanaelekea wapi na majirani ni akina nani. Kwenye chapa, kiwanja ni mahali pote ambapo jina la taasisi litakutana na macho ya mtu. Yaandike yote kwenye jedwali: lango, tiketi, skrini ya simu, fulana, bahasha, bango la barabarani. Mbele ya kila kimoja weka ukubwa wake halisi na umbali ambao mtu atasimama. Jedwali hili ni la kuchosha, lakini hutalijutia.

Kiwanja cha chapa ya utamaduni kina tabaka jingine: maana. Nakshi, rangi na alama tayari zina wenyewe, na zilikuwa zikisema jambo kabla hujafika. Uliza nani anazitumia, lini, na nani haruhusiwi kuzitumia. Kaa na watu wanaozitengeneza kwa mikono na uangalie wanaanzia wapi, maana mpangilio wa kazi mara nyingi una mafunzo kuliko umbo lililokamilika.

Mfano ninaourudia kila mara ni Olimpiki ya Mexico ya 1968. Kamati yake iliongozwa na msanifu majengo, Pedro Ramírez Vázquez, na mbunifu wa grafiki Lance Wyman akawa miongoni mwa waliobuni sura ya michezo. Mistari sambamba inayosambaa kutoka tarakimu 68 ilikumbusha sanaa ya Wahuichol, jamii ya wenyeji wa Mexico, na wakati huohuo iliongea na sanaa ya kuchezesha macho iliyovuma miaka ile. Kinachonivutia ni kwamba mistari haikubandikwa pembeni kama pambo. Iligeuka kuwa kanuni: ikazaa herufi, ikavaliwa, ikapakwa hadi kwenye viwanja vya nje ya majengo ya michezo. Nakshi ikishageuka kanuni inaweza kuzaa kitu kipya. Ikibaki pambo, itanakiliwa tu hadi ichoshe.

Hatua ya 2: Andika mahitaji

Hii fupi. Chora viduara vya mahusiano kama unavyofanya kwa vyumba: kipi kiko karibu na kipi, kipi cha umma, kipi cha ndani. Jina kuu, matawi, matukio ya muda, wafadhili. Mteja atie sahihi kabla hujaendelea.

Hatua ya 3: Simamisha nguzo

Gridi ya ukurasa, yaani mistari isiyoonekana ya kupangia maandishi na picha, ni ndugu wa gridi ya nguzo. Nguzo hazionekani kila mahali kwenye jengo lililokwisha, lakini ukiziondoa jengo linaanguka.

Anza na karatasi yenyewe. Karatasi za A zina uwiano wa 1 kwa mzizi wa pili wa 2. A0 ina eneo la mita 1 ya mraba, na ukiikunja katikati unapata A1, kisha A2, uwiano ukibaki uleule. Ndiyo maana mpangilio uliotulia kwenye A4 unaweza kupanda hadi bango la A1 bila kupangwa upya.

Jaribu hivi: A4 ina upana wa milimita 210. Acha pambizo ya milimita 15 kila upande, zinabaki 180. Gawa safu 6 za milimita 25, na nafasi ya milimita 6 kati ya safu na safu. Sasa una ukurasa unaogawanyika kwa mbili, kwa tatu na kwa sita. Picha ishike safu nne, maelezo mbili. Kesho picha ishike zote sita. Sura inabadilika, nguzo hazijasogea.

Hatua ya 4: Uzito wa mistari

Hapa ndipo usanifu majengo ulipotupa hazina ambayo wengi hatuitumii. Kumbuka kalamu za kuchorea ramani: 0.25, 0.35, 0.5, 0.7 na 1.0 milimita. Kila moja ni takriban mara 1.4 ya iliyotangulia, na huo ni ule mzizi wa 2 wa karatasi. Ukikuza mchoro kutoka A4 hadi A3, mstari wa 0.35 unakuwa 0.5, yaani unaangukia kwenye kalamu inayofuata.

Chukua utaratibu huo uupeleke kwenye herufi. Maelezo ya kawaida pointi 10, kichwa kidogo 14, kichwa cha sehemu 20, kichwa kikuu 28, kisha 40. Jicho linaona ngazi bila kuambiwa. Na kama kwenye mkato, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limepasuliwa, ambapo ukuta uliokatwa hupewa mstari mzito na kilicho mbali mwembamba, amua kwanza ni kitu gani "kimekatwa" kwenye ukurasa wako. Kitu kimoja tu. Vingine vyote vikae nyuma yake.

Lakini usihamishe kalamu nyembamba kwenye nembo. Nembo yangu ya kwanza, ya jumba dogo la sanaa, niliichora kama uso wa jengo wenye unene wa mistari wa aina tano. Kwenye karatasi ya A3 ilipendeza. Kwenye simu ikawa doa la kijivu, na kwenye fulana mistari miwili haikuonekana kabisa. Jumba lile lilikuwa limeshachapa barua zote. Iliniuma kwa sababu ni watu waliokuwa wameniamini na fedha kidogo waliyokuwa nayo.

Hatua ya 5: Tafuta nembo kwa ramani, mkato na mwinuko

Usitazame kitu kwa mbele tu. Chora taasisi kwa njia tatu. Ramani: watu wanazungukaje humo? Mkato: ndani mna nini ambacho kwa nje hakionekani? Mwinuko, yaani uso wa nje: inajitokezaje kwa mpita njia? Mara nyingi nembo nzuri huwa kwenye mkato.

Nembo ya Centre Pompidou, kituo cha sanaa cha Paris, iliyochorwa na Jean Widmer mwaka 1977, ni mistari mizito ya mlalo inayokatwa na ngazi ya umeme inayopanda kwa mshazari. Jengo la Renzo Piano na Richard Rogers lina mabomba, rangi na vyuma tele. Widmer akaacha vyote na kubakiza sakafu na mwendo wa watu. Casa da Música, ukumbi wa muziki wa Porto nchini Ureno, jengo la Rem Koolhaas lililofunguliwa 2005, ilipata nembo ya Stefan Sagmeister inayoonyesha umbo la jengo kutoka pande mbalimbali, rangi zikibadilika kufuata picha inayoambatana nayo.

Hata hivyo, msikimbilie kuchora jengo. Tamasha linalohama, au kikundi cha ngoma kisicho na ukumbi, hakina uso wa jengo, na ukikilazimisha utakuwa umewapa watu nyumba isiyo yao.

Hatua ya 6: Acha 1:100

Hili ndilo la kusahau kutoka darasani. Tumezoea kuchora kitu kidogo kinachowakilisha kikubwa. Kwenye grafiki ulichochora ndicho kitu chenyewe, skeli ni 1:1. Chapa kila kitu kwa ukubwa wake halisi. Bango kubwa? Chapa kipande chake, kibandike ukutani, rudi nyuma hadi umbali ulioandika kwenye jedwali la hatua ya 1. Kisha punguza nembo hadi pikseli 16 uone kinachobaki.

Hatua ya 7: Kabidhi michoro ya kazi

Mwongozo wa chapa uuandike kama seti ya michoro ya ujenzi. Mwongozo wa alama za treni za New York wa mwaka 1970, kazi ya Vignelli na Bob Noorda wa kampuni ya ubunifu ya Unimark, ulieleza herufi, rangi na mpangilio wa mabango kwa undani wa kumwezesha fundi kutengeneza bango bila kupiga simu. Weka vipimo kwa milimita, rangi za skrini na za wino kila moja peke yake, milimita 3 za ziada za kukatia kingo, na jedwali la matumizi kama lile la milango na madirisha.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi najua AutoCAD na Rhino tu. Nianze na programu gani?

Jibu: Anza na programu ya vekta, yaani ya michoro inayokuzwa bila kuharibika: Illustrator, au Inkscape ambayo ni ya bure. Michoro ya AutoCAD unaweza kuitoa kwa PDF, ila mistari yake iliyopinda ichore upya kwa nukta chache. Na jifunze kuamini jicho kuliko rula. Herufi O ikichorwa kwa kimo kilekile cha H itaonekana fupi, hivyo wachoraji wa herufi huiacha ipite kidogo juu na chini. Mstari wa mlalo nao huonekana mnene kuliko wa wima wenye unene uleule. Kwetu sisi wa vipimo hili ni gumu kulimeza.

Swali: Ndugu, mteja anataka nakshi ya jamii ambayo mimi si mtu wao. Nifanye?

Jibu: Usianze kuchora hadi wenye nakshi wakae mezani, na malipo yao yaandikwe kwenye mkataba, yasiwe shukrani tu. Katika nchi nyingi sheria za hakimiliki hazizilindi vyema nakshi za jadi kwa kuwa hazina mtunzi mmoja anayejulikana. Kwa hiyo sheria kukaa kimya haina maana kwamba umeruhusiwa. Wakikataa, mweleze mteja na mtafute njia nyingine.

Swali: Samahani kaka, naomba kusahihisha. Behrens alianza kama mchoraji wa picha, hakusomea usanifu majengo. Je, haivunji hoja yako?

Jibu: Uko sahihi, na ahsante dada. Alijifunza majengo mwenyewe. Kinachothibitishwa na kazi yake ni kwamba nidhamu hizi mbili zinakaa kichwa kimoja, na mlango unafunguka pande zote. Somo langu ni kwa walio upande wa majengo. Mchoraji atahitaji somo lake.

Swali: Malipo tunayagawaje?

Jibu: Kwa awamu, kama kwenye ujenzi: wazo, uendelezaji, michoro ya kazi, usimamizi. Awamu ya mwisho wengi huitoa bure, na ndiyo inayookoa kazi. Uwepo siku bango la kwanza linapochapwa.

Swali: Nina mabango ya ndani ya maktaba. Nitajuaje herufi zinatosha?

Jibu: Chapa neno moja kwa ukubwa uliokusudia, libandike pale litakapokaa, taa zikiwa zilezile za kila siku. Mwite mtu mzee na mtu asiyelijua neno hilo. Waanzie mbali wakisogea, uweke alama sakafuni pale kila mmoja alipoweza kulisoma. Kama alama iko ndani ya korido ambamo watu wanapaswa kuwa wameshageuka, ongeza ngazi moja ya herufi, urudie.