Andika tukio kwanza, funzo litafuata

Ukitaka siku za kawaida zikufundishe kitu, beba kijitabu kinachoingia mfukoni na uandike mistari mitatu tu kila jioni: ulichoona, neno lililosemwa, na swali moja linalokuhusu wewe.

Tuseme uko soko la Kibuye, Kisumu. Mama anakupimia omena kwa gorogoro, anasawazisha juu kwa kiganja, halafu anatupia konzi nyingine kwenye mfuko bila kuombwa. Wengi wangeandika "ukarimu ni jambo jema" na kufunga daftari. Hapo ndipo zoezi hufa, kwa sababu sentensi hiyo ungeiandika hata bila kufika sokoni. Andika kile kiganja, ile konzi, na alichosema akikukabidhi. Kisha jiulize: ni lini mara ya mwisho niliongeza kitu ambacho sikuombwa? Jibu lisipokuja, liache swali wazi. Usilazimishe.

Andika siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Ukingoja kesho, maneno halisi ya mtu yatakuwa yameyeyuka na utabaki na maoni yako tu. Kalamu ni bora kuliko simu. Ukifungua simu, ujumbe wa WhatsApp unakuteka kabla hujaandika mstari wa pili.

Jumapili jioni soma ya wiki nzima, dakika 10 zinatosha. Pigia mstari jambo lililojirudia: hasira ileile kwenye matatu, mtu yuleyule unayemkwepa. Lililojirudia ndilo la kushughulikia wiki inayofuata. Mengine yaache yapumzike.