Kumpata Sea Urchin kwenye Stardew Valley, na cha kumfanyia ukishampata

Stardew Valley ni mchezo wa video wa kulima shamba, na Sea Urchin ni kiumbe wa baharini anayepatikana humo. Mwalo wa Kibirizi, Kigoma, utakupa dagaa na migebuka, lakini Sea Urchin hayupo: huyu ni wa maji chumvi, na Ziwa Tanganyika ni maji baridi. Kwa hiyo mjue kwanza kwa sura. Ni kitu cha duara, rangi ya zambarau, kimejaa miiba. Ndoana haimvui na mtego wa kaa haumnasi. Anaokotwa mchangani kama embe za Ujiji, na yupo misimu yote minne ya mchezo.

Anapopatikana hasa ni kwenye madimbwi ya mashariki ya ufukwe, kupita nyumba ya Elliott, mkazi wa ufukweni. Hapo daraja limevunjika na kulitengeneza kunataka mbao 300 za kawaida, Hardwood (mbao ngumu) haihesabiki. Zibebe mkobani, kwa sababu zilizo kwenye sanduku nyumbani daraja halizioni, kisha bofya daraja na ukubali. Mwaka wa kwanza Robin, seremala wa mchezo, huuza mbao kwa 10g moja (g ni hela ya mchezo), yaani 3,000g kwa daraja zima. Usinunue. Sea Urchin wa kawaida ni 160g, kwa hiyo ungehitaji kuokota kama 19 ndipo hela irudi. Shika shoka, kata miti ya shambani kwako.

Ukivuka, usishangae kukuta matumbawe matupu. Yenyewe ndiyo mengi, na Sea Urchin hujitokeza mara chache katikati yake. Okota vyote, tumbawe moja ni 80g. Pita Jumamosi kabla ya kulala, maana usiku huo mchezo hufagia vilivyobaki. Na kwa wanaocheza kwenye kompyuta: mchezo huhifadhi pale mhusika wako anapolala tu. Umeme ukikatika saa kumi jioni ya mchezo, siku yote imekwenda na ulichookota nacho.

Wa kwanza usimuuze. Anatakiwa kwenye kifurushi (orodha ya vitu vya kukusanya) cha Dye, ubao wa Bulletin Board ndani ya Community Center, jumba la jamii la mji, ambao hufunguka ukikamilisha vifurushi vitatu. Kwa mpangilio wa kawaida wenzake ni Red Mushroom, Sunflower, Duck Feather, Aquamarine na Red Cabbage, na zawadi ni Seed Maker, mashine ya kutengeneza mbegu. Kinachokwamisha watu ni hiyo kabichi: Pierre, mwenye duka la mbegu, huanza kuuza mbegu zake kiangazi cha mwaka wa pili, labda ubahatike kwa mfanyabiashara wa mkokoteni. Sea Urchin mtie kabisa, asubiri humo. Ukiwa umeshajiunga na Joja, kampuni ya duka kubwa, habari ya vifurushi imekwisha.

Wa pili anafaa kwenye vyungu vya kutia nguo rangi nyumbani kwa Emily, mkazi mwingine wa mji, upande wa zambarau. Haliwi, kwa hiyo usimweke kama akiba ya nguvu. Wa ziada mpelekee Willy, mwenye duka la samaki, au umtupie kwenye sanduku la mauzo. Ukiwa na ujuzi wa Botanist, unaopatikana ngazi ya 10 ya uokotaji, kila mmoja hutoka na ubora wa iridium, ulio wa juu kabisa, na bei inafika 320g.

Halafu kuna mambo ya raha. Nunua tangi la samaki kwa Willy, liweke ndani, shika Sea Urchin mkononi ubofye tangi. Atakaa chini kabisa. Shika kofia, bofya tena, ataivaa. Kofia ikikataa kuingia, ujue kila Sea Urchin aliyemo tayari ana yake: ongeza mwingine.