Jinsi ya Kuchagua Kaliba ya Bastola Inayokufaa

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kibali cha kumiliki bastola, au aliye mbioni kukipata, ambaye bado hajaamua achukue ya kaliba gani, yaani ya kutumia risasi ya unene na aina ipi. Wanafunzi ninaowafundisha kulenga shabaha huanza karibu wote kwa kuuliza ni risasi ipi yenye nguvu zaidi. Swali hilo huliweka nyuma, kwa kuwa risasi iliyokosa shabaha, hata iwe nene kiasi gani, haimfai aliyeipiga na huwahatarisha walio nyuma ya shabaha.

Hatua ya kwanza: soma sheria na masharti ya kibali chako. Zipo nchi zinazowazuia raia kutumia kaliba za kijeshi. Nchini Italia, kwa mfano, raia walikatazwa kwa miaka mingi kutumia 9x19 (risasi yenye unene wa milimita 9 na ganda lenye urefu wa milimita 19), ambayo ni ya kijeshi, na ndiyo sababu 9x21 ilienea huko.

Hatua ya pili: amua kazi ya silaha. Kwa kujifunza, .22 LR (unene wa takriban inchi 0.22) haina mpinzani, kwani teke lake, yaani msukumo wa bastola kurudi nyuma inapopiga, ni dogo na risasi zake ni za bei nafuu, hivyo utafanya mazoezi mengi bila kuchoka. Hata hivyo, baruti yake huwashwa kwa kugongwa ukingo wa kitako cha ganda, na risasi za namna hiyo hukataa kulipuka mara nyingi zaidi kuliko zile zenye kiwashio katikati. Kwa sababu hiyo siipendekezi kwa kujilinda.

Hatua ya tatu: linganisha kaliba kwa takwimu. Risasi ya 9x19, iliyobuniwa na Georg Luger, ikiwa na gramu 8 hutoka mtutuni kwa takriban mita 350 kwa sekunde, na ile ya .45 ACP, iliyobuniwa na John Browning, ina gramu 15 na huenda takriban mita 255. Ukipiga hesabu, nishati ya zote mbili inakaribia jouli 500. Tofauti inayoonekana ni kwenye magazini, yaani kasha la risasi la bastola: bastola ya Glock 17 hubeba risasi 17 za milimita 9, ilhali magazini ya kawaida ya bastola ya M1911 hubeba 7 za .45. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliyokuwa ikitumia .40 S&W, ilirudi kwenye milimita 9 katika miaka ya 2010, na mimi pia humshauri anayeanza aanzie hapo.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo yenye uzito kuliko zote: jaribu kwa mkono wako mwenyewe. Ukiwa umevaa kinga ya macho na masikio, chini ya usimamizi wa mkufunzi, piga risasi tano kwa umbali wa mita 7 na uangalie kama kilengeo cha mbele kinarudi mahali pake upesi baada ya kila mlio. Kisha mkufunzi achanganye risasi bandia ndani ya magazini bila wewe kujua ilipo. Zamu yake ikifika, bastola italia "ta" bila mlipuko. Mdomo wa mtutu ukiinama wakati huo, mkono wako unaliogopa teke kabla halijaja. Shuka kaliba, au chukua bastola nzito zaidi, maana silaha ndogo na nyepesi hupiga teke kali hata kwa risasi ileile.

Hatua ya tano: oanisha maandishi ya kwenye mtutu na yale ya kwenye kitako cha ganda. 9x17, 9x18 na 9x19 zote huitwa "tisa", lakini hazibadilishani. Rivolva (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka) ya .357 Magnum hupiga .38 Special bila tatizo. Kinyume chake ni marufuku, kwa sababu shinikizo la .357 ni kubwa mno. Risasi zenye alama ya +P, yaani zenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida, nazo zitumie tu iwapo kitabu cha mtengenezaji wa bastola yako kinaziruhusu.